Mlango Ufunguliwe

Kama hujapata kufika Kalamuni, usijisumbue kuitafuta njia. Nchi yenyewe ina tabia ya kumfuata mtu pale alipo. Mwalimu Sengondo aliifikia kwa kutumwa. Chuo alimokuwa akifundisha kilikuwa kimechoshwa na wanafunzi wasiojua kuandika, na wakuu wake, ambao nao hawakujua kuandika lakini walikuwa na ofisi, wakaamua mtu mmoja aende akaone wenzao wa Kalamuni wanafanyaje. Sifa za nchi hiyo zilikuwa zimeenea. Huko, walisema, watu wote ni wasomi, hakuna jambo linalofanywa mpaka liandikwe, na katikati ya nchi kuna nyumba ambayo mwanafunzi wa fani yoyote akiingia na andiko lililopinda hutoka nalo limenyooka. Sengondo akafunga virago, akaenda. Safari tuiache, safari zote zina vumbi.

Alichokuta ni nchi iliyogawanyika mitaa, kila mtaa na sheria yake ya kuandika, na aliyezaliwa mtaa huu humwona wa mtaa ule kuwa mshamba asiye na dawa. Katika Mtaa wa Vipimo, wanakokaa wenye kupima maji na mawe na hewa, ni mwiko kumtaja mtenda. Huko hakuna mtu aliyewahi kufanya kitu. Vitu hufanywa. Maji yalipimwa, jiwe lilipasuliwa, makosa yalionekana. Mtoto akitamka “mimi” huoshwa kinywa. Sengondo alifikia huko, na jioni ya kwanza mwenyeji wake akamwambia kwa ukarimu kabisa, “Chakula kitaandaliwa.” Akangoja. Mwenyeji naye akangoja, tena kwa adabu. Mwishowe kila mtu akaenda kulala na tumbo lake, na asubuhi mwenyeji akaandika kwamba njaa ilihisiwa.

Mtaa wa Sheria, nukta ni jinai. Sentensi ikishaanza haina ruhusa ya kwisha mpaka itaje kila mtu na kila hali isiyohusika, na wazee wa huko wana pumzi za kupulizia zumari. Mtaa wa Fursa, kwa wafanyabiashara, neno “tatizo” limepigwa marufuku. Nyumba ikiungua huandikwa kwamba imejitokeza fursa ya kiwanja. Mtaa wa Tiba hati inayosomeka hushukiwa kuwa ya tapeli. Na Mtaa wa Tafakuri, hao ndio usiwaguse kabisa. Hawaamini neno mpaka liwe limesemwa na mtu aliyekwisha kufa, na wakishaliamini ndipo wanaanza kulitilia shaka.

Nyumba aliyotumwa kuiona iliitwa Nyumba ya Maswali. Sengondo alitarajia jumba. Alielekezwa chini ya ngazi za Maktaba Kuu, baina ya msala na chumba cha mafagio. Aliyemwelekeza ni Mwenyekiti wa Baraza Kuu, Profesa Dibaji, mtu mnene wa heshima zake, aliyepewa jina hilo kwa sababu katika vitabu vyake vyote hakuna aliyewahi kupita dibaji, naye mwenyewe akiwamo.

“Sisi wa mitaani tunatoa maarifa,” alisema Dibaji. “Hawa wa chini ya ngazi wanatia sarufi.”

Alisema hivyo kama mpishi mkuu anayemzungumzia mtia chumvi, na ndivyo nchi nzima ilivyoamini: kwamba fikra hupikwa kwanza zikaiva, kisha hupelekwa mahali zikanyunyiziwa sarufi. Mwalimu akichoka kusoma andiko la mwanafunzi huandika pembeni kwa wino mwekundu, “Atiwe sarufi,” na mwanafunzi hushuka zile ngazi amejitanda kanga mpaka puani, maana kuonekana pale ilikuwa fedheha.

Mwenye Nyumba alikuwa Bi Mwanakombo, mama wa makamo ambaye miwani yake ilishikizwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa na sheria moja tu: msaidizi hashiki kalamu. Kalamu inabaki kwa mwenye andiko, hata akilia. Yeye kazi yake ni kuuliza. Unamwandikia nani? Huyo anajua nini tayari? Akishasoma, unataka nani afanye nini? Hilo la mwisho alilipenda kuliko mengine, na hakuna aliyekaa kwenye kigoda kilichokuwa mbele ya meza yake akaondoka bila kuulizwa.

Sengondo alikuja na dharau kidogo, tusimfiche. Lakini akakaa pembeni akitazama, na haya ikaanza kumwingia. Alikuja kijana wa Mtaa wa Sheria, macho mekundu. Alikuwa amechukua somo moja kule Vipimo, na andiko lake lilirudishwa kwa kuwa “halina ushahidi”, ilhali yeye alileta watu watatu walioona kwa macho yao.

“Kwenu ushahidi ni nini?” Bi Mwanakombo alimwuliza.

“Mtu aliyeona, akaapa.”

“Na kule ulikopeleka?”

Kijana akafikiri. “Labda hesabu.”

“Na ukienda Tafakuri?”

“Maneno ya marehemu,” alisema kijana, na hapo akacheka mwenyewe, machozi hayajakauka. Kumbe neno ni hilo hilo moja, mitaa ndiyo mingi, na watu walikuwa wakitukanana vizazi kwa vizazi kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumwuliza jirani yake neno hilo kwao lina maana gani. Chini ya ngazi tu ndiko lilikoulizwa. Kijana akaondoka anaandika huku anatembea. Sengondo akaona kwamba katika nchi hii yote ya wasomi, mahali pekee alipomwona mtu akifikiri ni pale penye harufu ya msala.

Siku mawingu yalipoanza kutanda upande wa milimani, akaingia msichana ambaye hakujifunika uso.

“Shikamoo, Bi Mwanakombo.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Aliitwa Semeni, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Mtaa wa Vipimo, na kazi aliyopewa ilikuwa kupima maji ya Bwawa la Juu. Aliweka karatasi mezani. Iliandikwa hivi: “Nimeona ufa kwenye ukuta wa Bwawa la Juu. Kila nirudipo umezidi kupanuka. Baraza limtume mtu afungue mlango wa maji kabla masika hayajashika, la sivyo ukuta utaanguka na Bondeni itakwenda na maji.” Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu wake alikuwa ameandika: “‘Nimeona’? Wewe ni nani? Hili ni andiko au barua ya mapenzi? Atiwe sarufi.”

Sengondo akaichukua, akaisoma, akaigeuza nyuma. “Mbona hili halina kosa? Mimi nimelielewa lote.”

“Ndilo kosa lenyewe, Mwalimu,” alisema Bi Mwanakombo.

Kwa sheria za Kalamuni, mlango wa bwawa haufunguliwi ila kwa andiko lililokubaliwa na mitaa yote. Atakayeufungua bila andiko hufukuzwa masomo, kisha hufungwa jela. Na Bondeni hapakuwa jina tu kwa Semeni. Mama yake, Bi Chausiku, alikaa nyumba ya kwanza kabisa chini ya ukuta.

“Nimemwambia ahame,” alisema Semeni. “Ananijibu nyumba hii niliijenga na marehemu baba yako, nahamia wapi, kwa nani? Na majirani wanasema kama kweli ufa ungekuwapo, ungeandikwa.” Akaikunja pembe ya karatasi yake. “Naogopa, Bi Mwanakombo. Naogopa sana.”

“Basi tufanye kazi,” alisema mama yule.

Wakafanya kazi. Kama kuna mtu anayedhani kusaidia kuandika ni kusaka alama za mkato, angekuja aone. Bi Mwanakombo hakuandika hata herufi. Aliuliza, Semeni akajibu, na majibu ndiyo yakawa andiko. Watu wa Fursa wanaogopa nini? Hasara. Basi ukuta ukianguka hasara ni ya nani? Tafakuri wanamheshimu nani? Marehemu. Je, marehemu walipata kusema lolote kuhusu ufa? Semeni akakaa, kisha uso ukamnyooka: usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliolisema hilo wamekufa wote, hakuna shaka. Kwa watu wa Sheria akashusha sentensi moja ya kurasa mbili. Kwa watu wa Tiba akaandika kwa mkono wa kushoto.

Likabaki la mtaa wake mwenyewe, la Vipimo. Semeni aliandika, akafuta, akaandika. Mwisho akasoma: “Ufa ulionekana. Kupanuka kulipimwa. Inapendekezwa kwamba mlango ufunguliwe.”

“Unataka nani afanye nini?” aliuliza Bi Mwanakombo.

“Mtu afungue mlango.”

“Hapo yuko wapi huyo mtu?”

“Nikimtaja, halitapita. Unawajua.” Sauti ya Semeni ilikuwa imepanda. “Acha lipite kwanza. Likishapita, watajua wenyewe nani aende.”

Bi Mwanakombo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sengondo aliona wazi kwamba hakupendezwa, na aliona pia kwamba hakuwa na jingine la kupendekeza. Nyumba ile ilijengwa ili kumsaidia mtu aeleweke mtaani kwake, na mtaa wa msichana huyu hauelewi kitu mpaka kifichwe.

“Kalamu ni yako,” alisema mwishowe.

Baraza Kuu likaketi. Mvua ilikuwa imeanza milimani, na ndani ya ukumbi watu walikuwa wakifungua makabrasha kwa raha zao. Andiko likasomwa kwa namna tano, kila mtaa ukisikiliza ya kwake na kusinzia katika za wenzake. Semeni alikaa mbele, mikono imebana magoti. Sengondo na Bi Mwanakombo walipewa kiti kimoja nyuma, wakapokezana.

Mzee wa Tafakuri akasimama wa kwanza. Alikiri kwamba methali ile imesemwa na wafu, jambo ambalo ni la kutia moyo. “Lakini ufa ni nini?” aliuliza. “Ni kitu kilichopo, au ni ukuta usiokuwapo? Kama haupo, aliyeuona aliona nini?”

Wa Sheria akadai waliosema methali waletwe waapishwe. Alipojibiwa kwamba wamekufa, akasema kufa si udhuru ila pale ambapo cheti cha kifo kimewasilishwa, pasipo kuathiri haki ya mrithi, msimamizi, mlezi, au mtu mwingine yeyote aliye hai au asiye hai, na angekuwa anaendelea pengine mpaka sasa kama mvua isingezidi kelele juu ya paa.

Lakini aliyemshangaza Sengondo kuliko wote ni bwana wa Fursa, aliyekuwa akiisoma methali kwa kidole, taratibu. “Ndugu wajumbe,” alisema, uso umemng’aa, “hebu sikieni vizuri. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Maana yake tukiuacha huu ufa, tunapata zabuni ya ukuta mzima. Sasa tunauziba wa nini?” Alipigiwa makofi ya kutosha, na ilibidi Dibaji agonge meza.

Hata hivyo andiko lilikuwa limeandikwa vizuri. Kila mtaa ulikuta ndani yake kile ulichokiogopa na kile ulichokiheshimu, na mmoja mmoja wakainua mikono. Profesa Dibaji akasimama, akanyoosha joho, akasoma azimio: “Imeazimiwa kwa kauli moja kwamba mlango ufunguliwe.” Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Watu wakapeana mikono. Semeni akafunika uso kwa viganja, akalia kwa furaha.

Kisha wakakaa.

Mvua ikazidi. Chai ya Baraza ikanywewa. Wajumbe wakatazama dirishani upande wa milima kwa macho ya watu waliokwisha kutimiza wajibu. Mmoja akasema sasa hivi bila shaka mlango unafunguliwa. Mwenziwe akaitikia kwamba ndivyo inavyotarajiwa. Semeni alishusha mikono, akamtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyeinuka hata kwenda msalani.

Bi Mwanakombo akasimama kule nyuma. “Ufunguliwe na nani?”

Dibaji alimtafuta kwa macho mpaka akamwona.

“Bi Mwanakombo,” alisema kwa upole wa mtu anayemwonea mwenziwe aibu, “tunakushukuru kwa sarufi. Maudhui utuachie sisi.”

“Ndiyo, Profesa. Ila na nani?”

Hapo mjadala ukaanza upya. Vipimo walisema neno “nani” halipimiki. Tafakuri walisema limesheheni maana nyingi mno. Sheria waliomba tafsiri ya “na”, kwa kuwa “na” yaweza kuwa ya kumtaja mtenda na yaweza kuwa ya kuunganisha, na azimio halijasema ni “na” ipi, na kwa hakika azimio halina “na” hata moja. Kamati ikaundwa. Ilikuwa inachaguliwa katibu Sengondo alipogeuka na kuona kiti cha Semeni ni kitupu.

Alitoka mbio, kwa kadiri mwalimu wa umri wake anavyoweza kuita mbio. Alimkuta msichana yuko nusu ya kilima cha kwenda bwawani, kanga imemgandia mwilini.

“Rudi, Mwalimu,” alisema Semeni bila kusimama. “Watakufunga.”

“Mimi mgeni,” alisema Sengondo, akihema. “Sijui sheria.”

Mlango wa bwawa ulikuwa na kibao kikubwa: MLANGO UNALINDWA. Hapakuwa na mlinzi, wala dalili kwamba aliwahi kuwapo. Ufa aliuona, mkono wake ungeingia mpaka kiwikoni, na ulikuwa ukitema maji. Wakalishika gurudumu la chuma lililoota kutu, wakavuta, likakataa, wakavuta tena wakiguna na kutukana kwa lugha ambayo hakuna mtaa wowote ungeipitisha, na Sengondo akasikia kitu mgongoni mwake kimekatika, kisha gurudumu likakubali. Maji yakaruka kwenye mfereji wa zamani na kushuka yakinguruma kando ya Bondeni. Yalibeba mabanda mawili ya kuku na choo kimoja kisichokuwa na mtu. Ukuta ukabaki umesimama. Chini kabisa, mlangoni mwa nyumba ya kwanza, mwanamke mmoja alikuwa amejishika kichwa anatazama juu, na Semeni alimpungia mikono yote miwili, kisha akakaa chini topeni na kulia tena.

Kesho yake alishtakiwa. Usidhani alishtakiwa kwa kufungua mlango, maana azimio lilikwisha kusema ufunguliwe. Shitaka lilikuwa kwamba, alipoulizwa na karani wa Baraza nini kimetokea bwawani, alijibu, “Niliufungua mimi,” tena mbele za watu.

Ukumbi ulijaa. Bi Chausiku alikuja kutoka Bondeni na nusu ya kijiji, wakasimama ukutani na matope yao. Dibaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu na hakutaka makuu. Aliinama mbele akamwambia Semeni kwa sauti ya baba, “Binti, sema tu kwamba mlango ulifunguliwa. Basi. Hatutauliza zaidi. Shahada yako utapewa, uende zako.”

Semeni alimtazama mama yake. Kisha akawatazama wale majirani waliosema ufa ungeandikwa kama ungekuwapo.

“Mlango niliufungua mimi,” alisema. “Mlikaa hapa mkinywa chai. Mama yangu alikuwa kule chini.”

Karani aliinua kalamu, akaishusha. Alikuwa amefanya kazi ile maisha yake yote na hajawahi kuliandika neno “mimi”. Akaomba Baraza limsaidie. Wakashauriana wakakubaliana kumhurumia, wakaandika: “Mlango ulifunguliwa na Semeni.” Lakini kabla wino haujakauka, mzee wa Sheria akauliza tena hiyo “na” ni ipi. Mtaa wa Vipimo ukaapa kwamba haiwezi kuwa ya mtenda, kwa kuwa kwao watenda hawapo. Basi ikabaki kuwa ya kuunganisha. Maana yake, alieleza mzee akihesabu kwa vidole, vilifunguliwa vitu viwili: mlango, na Semeni. Na kwa kuwa azimio lilitaja mlango peke yake, viwili hivyo vilifunguliwa isivyo halali na havina budi kurudishwa katika hali yake. Dibaji akafuta jasho, akasoma hukumu: “Mlango ufungwe, na Semeni.”

Bi Chausiku alipiga yowe. Watu wa Bondeni wakamshika asianguke. Wajumbe wakapiga makofi, wakakusanya makabrasha, wakatoka mmoja mmoja wakiongelea chakula cha mchana, na karani akawa wa mwisho. Semeni alibaki amesimama kizimbani, mikono mbele, akingoja. Akangoja kitambo. Milango ya ukumbi ilikuwa wazi yote miwili.

“Mwanangu,” alisema Bi Chausiku mwishowe, “hawa wanaokufunga wako wapi?”

“Sijui, mama.”

“Basi twende tukale.”

Wakaenda.

Haikupita muda, Profesa Dibaji akashuka ngazi za Maktaba. Hajawahi kushuka ngazi hizo tangu zijengwe, na alijifunika joho usoni. Sengondo alikuwa pale pembeni, mgongo umefungwa kitambaa, akikusanya vitu vyake arudi kwao. Dibaji akakaa kwenye kigoda, kikalia, akaweka hukumu mezani.

“Ina kasoro,” alisema. “Imesomwa, imebandikwa, na bado haifanyi kazi. Bwawa linashuka, mlango uko wazi. Yule binti ameonekana sokoni anakula muhogo wa kukaanga. Kuna kitu hakijakaa sawa katika maandishi haya, Bi Mwanakombo, na mimi nimeshindwa kukiona. Nisaidie.”

Sengondo alisita kufunga mkoba. Alimtazama Bi Mwanakombo, akamwona anaisoma hukumu mara moja, na akajua kwamba ameiona kasoro yenyewe. Ilikuwa neno moja tu, swali moja. Mtu huyu alikuwa mwandishi aliyekuja kuomba msaada, na Nyumba ya Maswali haijawahi kumfukuza mwandishi wa mtaa wowote wala kumnyima swali. Mama yule alifungua kinywa. Alikifunga.

“Profesa,” alisema taratibu, “umekuja kwangu kwa ajili ya nini hasa?”

“Sarufi,” alisema Dibaji, ameudhika kidogo. “Sarufi tu. Maudhui tunayajua wenyewe.”

Bi Mwanakombo akashusha pumzi. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu ya Profesa vidoleni mwake, jambo ambalo Sengondo hakuwahi kuliona tangu afike, akaivuta karatasi karibu.

“Hapa pana nafasi mbili, inatakiwa moja,” alisema, akirekebisha. “Mkato wako umeupandisha juu mno. Na Semeni ni jina la mtu, linaanza kwa herufi kubwa.”

Dibaji aliipokea, akaisoma kwa mbali, akaisoma kwa karibu, na uso ukamchanua. Alisema kweli sarufi ni jambo kubwa, na kwamba atalikumbusha Baraza kuipaka chokaa hii sehemu ya chini ya ngazi. Akapanda zake na joho lake.

“Hukumwuliza,” alisema Sengondo.

“Kaja kutiwa sarufi,” alisema Bi Mwanakombo, akivua miwani. “Nimemtia.”

Hukumu ile ingali imebandikwa ukutani mwa Baraza Kuu, na wote walioisoma wanakiri kwamba haina kosa hata moja.